Kosa Lisomwe, Lisizimwe

Sisi wakufunzi hupenda kuwaambia wanachuo kwamba kosa la mtoto humwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia. Twalisema hilo kwa moyo mkunjufu tunapofundisha mbinu za hesabu. Lakini kosa likitokea kwenye kompyuta, huwa wa kwanza kulikimbia ni sisi wenyewe. Tungependa kulijadili jambo hilo kwa mfano mmoja wa somo la TEHAMA, yaani saini ya mabadiliko katika programu ya Git.

Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza historia ya mafaili: nani amebadili nini, na lini. Wanachuo wetu huitumia kutunza maandalio ya masomo wanayoyaandika kwa pamoja. Yafaa ieleweke kwamba jina linaloonekana katika historia hiyo ni lile tu lililoandikwa katika kompyuta iliyotumika. Git haiulizi kama ni la kweli. Ndivyo tulivyomkaripia mwanachuo mmoja kwa andalio bovu lenye jina lake. Baadaye ikadhihirika kwamba aliwahi kuitumia kompyuta ile mwanzoni mwa muhula, jina lake likabaki humo, na andalio lilikuwa la mwenziwe. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, kisha tukaagiza kila badiliko litiwe saini.

Saini hii si ya kalamu. Kila mtu ana funguo mbili: mmoja wa siri, anaoutunza mwenyewe, na mmoja wa wazi, anaowapa wenzake. Programu ya GnuPG, ambayo amri yake ni gpg, hutia saini kwa ufunguo wa siri, na wengine huihakiki kwa ufunguo wa wazi. Ikibadilishwa hata herufi moja baadaye, saini haikubali.

Juma halikwisha, malalamiko yakaanza. Skrini iliandika kwa Kiingereza kwamba gpg imeshindwa kutia saini, na badiliko halikupokelewa. Twakiri kwamba tulikosea. Tulichukua kibodi kutoka kwa mwanachuo, tukaandika git config commit.gpgsign false, na kazi ikapita bila saini. Kesho yake nusu ya darasa walikuwa wamefanya vivyo hivyo. Tulikuwa tumewafundisha kwamba mbwa akibweka usiku, dawa ni kumfunga mdomo.

Ikatubidi turudi nyuma na kuligeuza kosa lile kuwa somo. Kanuni yake ni moja: pima kiungo kimoja kimoja.

Kwanza, weka Git kando, ujaribu gpg peke yake kwa amri echo jaribio | gpg --clearsign. Ikishindwa hapo, Git haina hatia. Yakitokea maneno “Inappropriate ioctl for device”, maana yake gpg yataka kuuliza neno la siri lakini haijui iulizie dirisha gani; dawa ni export GPG_TTY=$(tty). Huenda pia ufunguo umekwisha muda. Hapo mwenyewe huongeza muda wake. Hana haja ya kutengeneza mwingine.

Pili, gpg ikifaulu na Git ikashindwa, tazama Git inatafuta ufunguo gani. Usipoutaja katika user.signingkey, Git huutafuta kwa jina na baruapepe ya mtumiaji. Baruapepe hiyo ikitofautiana hata kwa herufi moja na ile iliyo katika ufunguo, jibu huwa “No secret key”. Linganisha na orodha inayotolewa na gpg --list-secret-keys.

Tukaongeza sharti: hakuna kumwita mkufunzi kabla ya kuandika daftarini mistari miwili, yaani skrini imesema nini, na ni kiungo gani kinachoshukiwa. Wengi waliomaliza mistari hiyo hawakutuita tena.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu wa shule ya msingi hahitaji funguo za siri, na kwamba kipindi ni kifupi. Hatukubaliani nao. Mtoto akiandika 42 − 17 = 35, hakubahatisha; katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kutoka kubwa. Mwalimu anayechora mkasi na kuandika 25 ametenda kama tulivyotenda sisi siku ile: jibu limepatikana, kosa limebaki mahali pake. Aulizaye, “Umefanyaje hapa kwenye mamoja?” hulifikia.

Ndugu wanachuo, mtakapokuwa mbele ya darasa, mikono yenu itawasha kuchukua kalamu ya mtoto. Izuieni. Mpeni kwanza nafasi ya kusema kosa lake linasema nini.