TIMU YA TAIFA IWE YA TAIFA ZIMA

Tarehe 4 Januari, 2026, katika mji wa Rabat, timu yetu ya taifa ilifungwa na Moroko bao 1 kwa 0, ikatoka katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Kushindwa si jambo la kushangilia. Lakini safari hii wananchi waliipokea habari hiyo kwa moyo mkunjufu, nao walikuwa na haki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Taifa Stars kuvuka hatua ya makundi. Na waliotufunga ni wenyeji wa mashindano, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022.

Twawapongeza vijana wale kwa dhati. Hata hivyo, sifa zikizidi huleta usingizi. Yafaa basi, furaha ingali mbichi, tufungue daftari la timu yetu tulisome lote, lililo jema na lisilopendeza, kama mfanyakazi mwangalifu asomavyo hesabu zake mwisho wa mwaka.

Daftari hilo laanza kabla ya Uhuru. Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa katika Afrika ya Mashariki mwaka 1926, nayo Tanganyika ilipoingia katika mashindano hayo ililitwaa mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951. Mwaka 1964 tukajiunga na Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia. Mwaka 1974 tukalichukua Kombe la Challenge, lililorithi nafasi ya lile la Gossage. Tukalichukua tena 1994 na 2010. Ndugu zetu wa Zanzibar, visiwa vyenye watu wachache kuliko mikoa yetu mingi, walilitwaa 1995 kule Uganda. Na mwaka 2017 waliifunga timu ya Bara mabao 2 kwa 1 katika mashindano hayo hayo, wakaenda hadi fainali. Neno hili tunaliweka hapa kwa makusudi, nasi tutalirudia.

Ukurasa unaopendwa kuliko zote ni ule wa 1979 na 1980. Tuliifunga Zambia bao 1 kwa 0 nyumbani, tukaenda Ndola kwa mechi ya marudiano. Huko Peter Tino akatia bao lililotupa sare ya 1 kwa 1 na tikiti ya kwenda Lagos. Kule Lagos tulifungwa na Nigeria 3 kwa 1, tukafungwa na Misri 2 kwa 1, tukatoka sare ya 1 kwa 1 na Ivory Coast. Nigeria ndiyo iliyolichukua kombe mwaka ule. Kwa timu iliyokuwa ikifika huko kwa mara ya kwanza, haikuwa aibu. Kila mtu alidhani kwamba mlango umekwisha funguliwa.

Mlango ule ulifungwa miaka 39. Watoto waliozaliwa mwaka wa Lagos walikua, wakaoa, wakapata watoto wao, na bado tulikuwa tukimtaja Peter Tino kana kwamba alicheza jana. Tulirudi mwaka 2019 kule Misri: tukafungwa na Senegal 2 kwa 0, na Kenya 3 kwa 2 baada ya kuongoza mara mbili, na Aljeria 3 kwa 0. Mwanzoni mwa 2024, Ivory Coast, tulifungwa na Moroko 3 kwa 0, tukatoka sare na Zambia na Kongo. Mwisho, kule Moroko, tulifungwa na Nigeria 2 kwa 1, tukatoka sare na Uganda na Tunisia, pointi mbili zikatuvusha kama mmoja wa washindi wa tatu walio bora.

Hesabu yote ni hii: mashindano 4, mechi 13, sare 5, kufungwa mara 8. Ushindi hakuna hata mmoja. Hatuyasemi haya ili kumvunja mtu moyo. Twayasema kwa sababu mgonjwa asiyekubali kupimwa hawezi kutibiwa.

Ugonjwa ni nini basi? Wako wasemao fedha. Fedha ina sehemu yake, lakini nchi zenye fedha kidogo kuliko sisi zimepata kushinda mechi katika kombe hilo. Wako wasemao kwamba hatuupendi mpira kwa dhati. Hao hawajapata kuona Dar es Salaam siku ya Simba na Yanga. Klabu hizo mbili zimetuletea heshima: Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025, na Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023. Lakini tangu siku za Lagos hata leo, uteuzi wa timu ya taifa umetazama kwanza klabu kubwa za Dar es Salaam, kisha nchi iliyobaki. Tunavua katika kidimbwi, na bahari tumeipa kisogo.

Ili jambo hili lieleweke, twamwomba msomaji auache mpira kwa muda, apande nasi hadi nyanda za Mbulu na Hanang. Huko hakuna uwanja mkubwa wala klabu yenye mashabiki nchi nzima. Kuna mashamba, mifugo, baridi ya asubuhi na njia ndefu za kwenda shule. Na huko ndiko taifa letu lilikopata sehemu kubwa ya jina lake katika michezo ya dunia.

John Stephen Akhwari alizaliwa Mbulu. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Mexico. Alianguka, akaumia goti, wakamfunga bendeji, naye akaendelea. Waliomaliza walikuwa 57 kati ya 75 walioanza, naye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Hakuna medali yoyote iliyolitangaza jina la Tanzania kuliko hatua zile za mtu aliyeona kwamba alitumwa na nchi yake amalize kazi, si aianze tu. Filbert Bayi alitoka Karatu, ambayo siku zile ilikuwa ndani ya Mbulu. Tarehe 2 Februari, 1974, kule Christchurch, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaivunja rekodi ya dunia. Na mwaka 1980 alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow. Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 kule Edmonton, na mita 10,000 mwaka 1982 kule Brisbane. Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia marathoni kwa saa 2 na dakika 3 kamili kule Valencia, Desemba 2022, na miezi michache baadaye akawa wa pili kule Boston. Na Septemba 2025 jirani yao wa Singida, Alphonce Simbu, akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo.

Sasa mtu atauliza: kwa nini nchi ile ile imetoa wakimbiaji wa namna hii, lakini macho ya wateuzi wa kandanda hayaielekei? Jibu rahisi, ambalo tumelisikia mara nyingi, ni kwamba watu wa milimani wameumbwa kukimbia, na watu wa pwani wameumbwa kucheza mpira. Hilo ni jibu la mvivu. Tukuyu Stars ilitoka katika milima ya Rungwe, ikauchukua ubingwa wa ligi yetu mwaka 1986. Mtibwa Sugar, timu iliyozaliwa miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, iliuchukua mwaka 1999 na 2000. Na Zanzibar ndogo tumekwisha itaja. Mahali padogo hapana kosa. Kosa ni kutotazamwa.

Jibu la kweli ni hili. Mkimbiaji aweza kuonekana peke yake. Kijana wa Jorodom akiwa na miguu yake na barabara, na mwalimu mmoja mwenye saa, yatosha. Saa haina upendeleo, haimwulizi mtu anatoka klabu gani. Mchezaji wa mpira hawezi kuonekana peke yake. Anahitaji wenzake 10, na wapinzani 11, na mpira usiotatuka, na uwanja uliosawazishwa, na mwamuzi ajuaye sheria, na mashindano ya kila juma. Zaidi ya yote anahitaji mtu wa kuja kumtazama. Kimoja kikikosekana, kipaji chake hubaki malishoni pamoja na ng'ombe, hata azeeke nacho. Hatuwezi kujua ni mabao mangapi ya timu ya taifa yamezikwa hivyo katika Dongobesh, Haydom, Endasak na Bassotu, na katika wilaya nyingine nyingi zilizo mbali na bahari.

Palikuwa na wakati shule zilisaidia kazi hiyo. Michezo ya shule za msingi na sekondari ilipanda kutoka kata hadi wilaya, kutoka wilaya hadi mkoa, kutoka mkoa hadi taifa, na mtoto asiye na jina akaonekana. Ikafika siku michezo hiyo ikasimamishwa kwa miaka kadhaa, kana kwamba mwili wa mtoto ni adui wa masomo yake. Imekwisha rudishwa, nasi twashukuru. Lakini ngazi iliyovunjwa vidato haitengenezwi kwa kutangaza tu kwamba ipo. Yahitaji mipira, yahitaji walimu waliofundishwa, yahitaji nauli ya basi.

Wenye kusita na wawatazame binti zetu. Mwaka 2022, kule India, timu ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17 iliingia katika Kombe la Dunia la umri huo, ikaifunga Ufaransa 2 kwa 1, ikatoka sare na Canada, ikafika robo fainali. Timu ya wanaume wakubwa haijapata kuigusa hata hatua ya kwanza ya Kombe la Dunia. Mahali palipotafutwa vijana kwa bidii, matunda yameonekana.

Tunasema nini basi? Twasema mambo matatu, nayo hayahitaji kungoja mtu kutoka mbali.

La kwanza, kila kijiji kilinde uwanja wake. Uwanja wa mpira ukigawiwa kuwa viwanja vya nyumba haurudi tena. Viongozi wa matawi na wa vijiji watakaouacha uende watakuwa wamewanyang'anya watoto wasiojua hata kulalamika.

La pili, wafanyakazi wenye ujuzi wautoe. Mwalimu, askari, bwana shamba au mganga wa zahanati aliyepata kucheza mpira, ajifunze kazi ya uamuzi au ya kufundisha, naye awafae vijana wa pale alipo. Wilaya yenye waamuzi kumi wazuri na ligi isiyokatika ina utajiri kuliko wilaya yenye ahadi kumi.

La tatu, wenye mamlaka ya kuteua timu za taifa za vijana waende kuwatafuta. Mkoa wa Manyara umekwisha onja ligi kuu, maana katika msimu wa 2024/25 Fountain Gate ilicheza katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa pale Babati. Kutoka Babati hadi Katesh si mwendo wa kumshinda mtu mwenye nia. Atakayekaa Dar es Salaam akingoja vipaji vimjie kwa basi, asishangae timu yake ikiwa na sura zile zile.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Kwa ajili hiyo, ujenzi wa uwanja mpya wa Arusha, wenye viti takriban 30,000, ulianza mwaka 2024. Ni jengo la fahari, na kwa watu wa Mbulu na Hanang ni uwanja wa jirani. Lakini uwanja hautii bao. Ingekuwa jambo la kusikitisha kama wageni wa Afrika nzima wangekuja kucheza karibu na milima yetu, na kazi ya vijana wa milima hiyo ikawa kuuza karanga mlangoni.

Timu inayovaa rangi za bendera haiwezi kuwa mali ya mtaa mmoja. Ikiitwa ya taifa, mtoto wa Jorodom awe na njia ya kuifikia iliyo wazi kama ya mtoto wa Kariakoo. Kisha mwenye uwezo zaidi ndiye avae jezi. Hapo ndipo tutakapoandika katika daftari letu neno ambalo mechi 13 hazijatupa: tumeshinda.