Kuteleza Si Kuanguka



Juma hili twawaletea habari ambayo huenda mkaicheka kabla hamjaimaliza. Watoto wetu wawili, wazaliwa wa Mombasa, mji ambao barafu yake ni ile ya kwenye glasi ya maji ya ukwaju, wanajifunza mpira wa magongo wa barafuni jijini Nairobi. Bibi yao wa Kibokoni alipopigiwa simu aliuliza mara tatu kama amesikia vyema. Kisha akauliza, "Na wakianguka?" Swali hilo la bibi ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Tulihamia Nairobi kwa sababu ya kazi, tukapanga nyumba Kilimani, upande wa magharibi wa jiji. Mwanetu wa kiume alikuwa na umri wa miaka 9. Shuleni walimcheka kwa Kiswahili chake cha pwani, naye akajifunza kunyamaza. Nyumbani pia akawa mtu wa ndiyo na hapana. Wazazi mliowahi kuhamisha watoto mwaujua ukimya huo, nao huumiza kuliko kilio.

Siku ya Idd tuliwapeleka matembezi katika jengo la Panari, Barabara ya Mombasa, ambako kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka 2005. Yule kijana alianguka mara nyingi hata tukaacha kuhesabu. Alitoka suruali imelowa, magoti mekundu, na njia nzima ya kurudi hakunyamaza. Alitaka kujua wale vijana wakubwa waliovaa helmeti, wenye magongo mikononi, walikuwa nani.

Walikuwa Kenya Ice Lions. Kwa miaka mingi timu hiyo haikuwa na mpinzani wa kucheza naye nchini, hivyo wachezaji wakigawana pande mbili na kushindana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 walialikwa Toronto, Kanada, wakacheza bega kwa bega na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao ni miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa wa mchezo huo duniani. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu. Yote hayo yametoka katika uwanja ulio mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, ambacho urefu wake ni mita 60.

Basi tukamkubalia mvulana. Dada yake, mwenye miaka 11, alipoomba naye aende, tukamkatalia.

Twakiri kosa hilo hapa kwa kuwa twaamini si letu peke yetu. Tulimwambia kwamba mchezo ni mgumu, kwamba ataumia, kwamba ataanguka mbele ya watu. Hakubisha. Usiku ule alimsaidia ndugu yake kukausha glavu zake, kisha akatuuliza kwa adabu, "Kwani mimi nikianguka nitaumia kuliko yeye?" Tulitazamana, na hapakuwa na mmoja wetu aliyekuwa na jibu.

Dini yetu inatuamuru uadilifu baina ya watoto, na wengi wetu huukumbuka tunapogawa nguo za Idd na kuusahau tunapogawa ruhusa. Tulimpigia simu bibi, tukitaraji atatuunga mkono. Alitusikiliza, akauliza mavazi ya mchezo yakoje. Tukamweleza: helmeti yenye wavu usoni, kinga za mabega, viwiko na magoti, glavu nene, suruali pana na soksi ndefu. Hapana kinachoonekana ila macho. Bibi akasema, "Kama mavazi yamemsitiri, na ninyi mko hapo mwamtazama, mwaogopa barafu au mwaogopa watu?"

Tangu siku hiyo wanakwenda wote wawili. Binti yetu huvaa kilemba chepesi chenye kubana chini ya helmeti, kisicho na pini wala fundo kisogoni. Tulimwonyesha pia habari za Fatima Al Ali, mchezaji wa Abu Dhabi anayecheza na hijabu yake, ambaye mwaka 2017 alialikwa Washington akafanya mazoezi pamoja na timu ya Capitals. Aliitazama picha yake kwa muda mrefu.

Sasa kwa wazazi wanaofikiria kuanza, haya ndiyo tuliyojifunza.

La kwanza, siku ya kwanza msinunue chochote. Viatu vya barafu hukodishwa uwanjani. Mtoto aende mara tatu au nne, ateleze tu, bila gongo. Akiendelea kuomba baada ya hapo, ndipo mzungumze na wakufunzi kuhusu mazoezi ya watoto na vifaa vya kuazima.

La pili, kiatu kibane. Mzazi wa pwani humnunulia mtoto kiatu kikubwa ili akikulie, lakini kiatu cha barafu kikilegea, kifundo cha mguu hupinda na mtoto hawezi kusimama. Avae soksi moja tu, na kamba zikazwe zaidi pale kifundoni.

La tatu, na ndilo jibu la swali la bibi: kuanguka hufundishwa kabla ya kwenda. Mtoto hukunja magoti, akajishusha chini, akaangukia ubavuni juu ya paja, wala hatangulizi mikono. Akishafika chini hukunja ngumi, ili kisu cha kiatu cha mwenzake kisipite juu ya vidole. Kuinuka nako kuna mpango wake: apige magoti, aweke mguu mmoja mbele, abonyeze goti hilo kwa mikono miwili, asimame. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Barafuni tumeona kwamba hata kuanguka kwenyewe si mwisho wa jambo.

La nne, magurudumu husaidia. Miongoni mwa wachezaji wa hapa wamo waliojifunza kwanza kwa viatu vya magurudumu. Katikati ya jiji, katika maegesho ya magari yaliyo chini ya usawa wa barabara, yanayoitwa Sunken Car Park, watoto na vijana hujifunza kuteleza mwishoni mwa juma magari yanapopungua. Mizani ya mwili ni ileile. Helmeti na kinga za magoti ni lazima huko pia, maana lami haina huruma ya barafu.

La tano, gongo lisiwe refu. Mtoto akiwa amevaa viatu vya barafu, ncha ya juu ifike kidevuni. Kile kisahani cha mpira kinachopigwa huwa na uzito wa gramu 170 hivi, na kwa watoto wadogo kipo chepesi zaidi.

Na kwa wanaoogopa vikumbo: Marekani tangu 2011 na Kanada tangu 2013, watoto wa miaka 11 na 12 hawaruhusiwi kugongana miili kwa makusudi. Mzazi ana haki ya kumuuliza mkufunzi wake kanuni hiyo inafuatwa vipi, na amuulize kabla mtoto hajafunga kamba.

Hatutaficha gharama. Barafu hulipiwa, viatu hulipiwa, na safari ni ndefu. Kutoka Kilimani twapanda matatu hadi katikati ya jiji, kisha twatafuta nyingine ya Barabara ya Mombasa, na foleni huifanya nusu saa kuwa saa nzima. Tumejifunza kuuliza mapema saa za mazoezi na kuzilinganisha na nyakati za sala. Tukirudi mapema, husali Msikiti wa Jamia, watoto wakiwa na mifuko yao mikubwa ambayo kila mzee huuliza imebeba nini. Miezi mingine fedha haitoshi, nasi husema wazi kwamba mwezi huu ni magurudumu tu. Watoto wanaoelezwa ukweli hustahimili kuliko tunavyodhani.

Pengine mwauliza tumepata nini. Hatujapata bingwa. Mvulana bado hupiga kisahani akakikosa, na binti bado husimama kwa kugonga ukuta. Juma lililopita mtoto mgeni, aliyekuja kwa mara ya kwanza, alianguka akaanza kulia, akakataa kuinuka. Mwanetu, yule aliyekuwa hasemi, alimwendea, akapiga magoti mbele yake, akamwelekeza hatua kwa hatua kwa Kiswahili chake cha Mombasa: "Weka guu moja mbele. Sasa sukuma goti. Enhe, inuka." Mgeni akainuka. Hakuna aliyecheka.

Jioni ile tulimpigia simu bibi tukamjibu swali lake. Wakianguka, bibi, wanajua la kufanya. Naye akajibu, "Basi na ninyi jifunzeni kutazama bila kupiga kelele."

Somo hilo bado twalisoma. Tukutane juma lijalo, inshallah.