Meli 175, Ramani Moja



Mashine ikiharibika tunauliza: kipuri kitapatikana wapi? Wenye mashine za kusaga wanauliza hivyo. Wanamaji nao wanauliza hivyo. Leo tutazame meli za vita za Marekani za aina ya Fletcher.

Meli hizi huitwa destroya. Destroya ni meli ya vita yenye mbio. Hulinda meli nyingine na kuwinda nyambizi, yaani meli zinazokwenda chini ya maji. Fletcher ilikuwa na urefu wa meta 115 hivi na mizinga mikubwa 5. Iliweza kwenda karibu kilometa 65 kwa saa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji meli nyingi kwa haraka. Kati ya 1942 na 1945 ilipata meli 175 za aina hii. Zilijengwa na viwanda 11. Viwanda vilikuwa vingi, lakini ramani kuu ilikuwa moja. Kwa hiyo vipuri vingi vya meli moja viliweza kutumika katika meli nyingine.

Meli 19 zilipotea vitani. Baada ya vita, nyingine zilikwenda Ugiriki, Uturuki, Brazil, Mexico, Ujerumani Magharibi na nchi nyingine. Zilizidi kuzeeka, na viwanda havikujenga tena meli za aina hiyo. Basi wenyewe wakafanya nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ugiriki ilipokea meli kuukuu kutoka Ujerumani Magharibi. Baadhi zilifunguliwa ili vipuri vyake visaidie zile zilizokuwa kazini. Mexico iliitumia Fletcher yake hadi 2001. Meli hiyo ilianza kazi 1943!

Leo meli 4 zimehifadhiwa ili watu wazitazame. Tatu ziko Marekani, moja iko Ugiriki. Moja ya zile za Marekani, The Sullivans, iko Buffalo. Aprili 2022 maji yaliingia kupitia bati lake lililochakaa. Ikainama na kuzama kwa sehemu, ingawa ilikuwa imefungwa gatini. Risasi za vita hazikuizamisha. Kutu iliiweza.

Tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kununua mashine au plau, ulizeni majirani wanatumia aina gani. Aina moja hurahisisha kupata vipuri na fundi.

Pili, msitupe mashine iliyokufa. Fungueni vifaa vizima, vipakeni mafuta, mviweke pakavu.

Tatu, kagueni mashine kabla haijaharibika. Andikeni katika daftari siku ya kubadili mafuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kijijini kwenu kuna aina ngapi za plau?
2. Vipuri vyake vinapatikana wapi?
3. Nani anaweka daftari la mashine?