Jeraha Lisiloonekana

Katika mji wa Kisangani ngurumo si jambo geni, maana mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima. Radi ikipiga, wengi hufunga madirisha na kuendelea na kazi zao. Lakini wako watu wazima, wenye watoto na wajukuu, ambao wakisikia mshindo huo hujitupa chini ya kitanda wakitetemeka. Majirani hucheka, watoto wao huona haya, na wengine hunong'ona kwamba wamerogwa.

Hawakurogwa, wala si waoga. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yaligombea mji huo kwa mizinga, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasio na ugomvi na mtu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika baadaye ulikadiria raia 760 waliouawa na 1,700 hivi waliojeruhiwa. Waliojeruhiwa mwilini walihesabiwa, lakini waliojeruhiwa moyoni ni nani aliyewahesabu? Tena, tangu mwaka 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya ardhi uliwafukuza maelfu ya watu vijijini mwao, na wengi wakakimbilia Kisangani na majeraha mapya.

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hatari ikitokea, mwili hujitayarisha kukimbia au kupigana: moyo huenda mbio, jasho hutoka, macho hukaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini kwa mtu aliyepatwa na mambo mazito mno, mlinzi huyo wa mwili huweza kukataa kulala. Ndipo zinapokuja ndoto mbaya, hasira za ghafula, kukwepa mahali fulani, na moyo kufa ganzi hata kwa watoto wa kuzaa mwenyewe. Hali hiyo huitwa kiwewe, nayo ina tiba.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mshauri ni kumfanya mgonjwa aseme yote mara moja. Sivyo. Kidonda hakiponi kwa kutoneshwa. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na wenzake waonya wazi kwamba aliyepatwa na msiba asishurutishwe kusimulia habari zake. Mshauri mwema hufuata hatua tatu, ambazo daktari Judith Herman wa Marekani alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1992.

Hatua ya kwanza ni usalama. Mshauri huuliza kwanza: Unalala wapi? Umekula? Je, anayekutisha yupo bado nyumbani? Humwacha mgeni wake achague kiti, na achague mlango ufungwe au uwe wazi, kwa kuwa mtu aliyenyang'anywa uwezo wote siku moja yampasa arudishiwe uwezo katika mambo madogo. Humfundisha kupumua taratibu, na kuutaja ukuta anaouona na mwembe ulio nje, ili mwili ujue kwamba vita vile vimepita.

Hatua ya pili ni kusimulia na kuomboleza. Msimulizi huenda kwa mwendo wake, husimama apendapo, naye mshauri hatangulii mbele. Wengi walizika wafu wao kwa haraka, bila matanga. Machozi ya wakati ule yangali yakingoja.

Hatua ya tatu ni kurudi kwa watu: shambani, sokoni, katika kwaya, katika shauri la ukoo.

Je, tiba ya namna hii yafaa kwetu? Katika Kivu, wanawake zaidi ya 400 waliotendewa jeuri walishiriki katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013. Wale waliotibiwa kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wenyeji wasio madaktari lakini waliofunzwa vizuri, walipata nafuu kubwa kuliko wale waliopewa msaada wa kawaida. Basi tusiseme kwamba dawa hii ni ya Ulaya tu.

Kuna jambo moja la kuangaliwa hasa Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Ili apate fungu lake, mtu aliyedhurika hana budi kueleza mbele ya karani aliyempoteza na alichopoteza. Ni haki yake. Lakini karani hutaka tarehe, hesabu na sahihi, hali mshauri humtaka mtu mwenyewe. Baba akirudi kutoka ofisini kisha asilale usiku kucha, tusidhani ni tamaa ya fedha inayomkesha. Huenda kidonda kimetoneshwa. Fedha huweza kujenga nyumba iliyobomoka, lakini moyo wataka na msaada wake.

Nasi majirani na jamaa yatupasa nini? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo sababu twasema kwa wepesi, "Sahau," au "Samehe, yaishe." Kusamehe ni kwema, lakini hakuji kwa amri, wala sala si kifuniko cha kufunikia kilio. Tusicheke, tusidadisi, na siri tuliyoaminiwa isitoke kinywani mwetu, kwa maana siri ikivuja mara moja, mwenye jeraha huenda asiseme tena maisha yake yote. Akinena habari za kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo, bali apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Basi tusimwulize mama wa namna hii, "Utasahau lini?" Afadhali tumwulize, "Mama, usiku ulilala?" kisha tuketi, tungoje jibu lake.