Fundi, usifiche mshono kwa vumbi la mbao

Ukipita kwa maseremala wetu hapa Bumula utaona vitanda vinang'aa kama kioo. Sasa inama, chungulia pale mguu unapokutana na ubao. Mara nyingi utakuta gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, imesindiliwa kujaza pengo, kisha msumari. Halafu tunashangaa mbona mteja anapanda matatu hadi Bungoma mjini kununua kitanda kutoka ng'ambo.

Maoni yangu: vyuo vya ufundi viache kumpima mwanafunzi kwa stuli. Vimpe mashua ndogo.

Usicheke kwanza. Najua Bumula haina ziwa. Lakini maji mengi ya huku huteremka hadi mto Nzoia, na Nzoia ikivunja kingo kule Budalang'i, mashua ndiyo matatu. Hata hivyo, mimi shida yangu si soko la mashua. Ni mshono.

Kuna mashua zinazoundwa kwa fito nyembamba za mbao, unene wa kama milimita 6, zikigundishwa ubavu kwa ubavu juu ya fremu. Tumbo huundwa peke yake, na sitaha, yaani ule mfuniko wa juu, peke yake. Kila kimoja huvishwa faibaglasi na epoksi. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye subira anaweza.

Kazi iko pale viwili vinapokutana. Vikishatolewa kwenye fremu, kingo hazikubaliani tena: huku sitaha imepanuka, kule imebana. Unafunga mikanda, unasukuma, unalegeza, unaanza upya. Zikikaa sawa, unapaka epoksi na kubandika utepe wa faibaglasi nje, kisha ndani. Hiyo ya ndani ndiyo balaa. Kwenye ncha mkono haufiki, kwa hivyo unafunga brashi kwenye fimbo ndefu, unalala ubavu na tochi, unapapasa. Hakuna atakayeiona kazi hiyo. Ukiiruka, mashua itapendeza tu ikiwa nchi kavu. Wimbi likiipinda mara kadhaa, mshono unaachana.

Ajabu ni kwamba hata waunda mashua huchanganya unga wa mbao na epoksi. Lakini wao huziba kona ili utepe ukae vizuri, si kuufanya ndio kiungo.

Na hatuigi wazungu hapa. Lamu, fundi hushindilia pamba kati ya mbao, kalafati, na hakuna abiria anayemsifu kwa hilo.

Utaniambia epoksi ni ghali. Kweli. Basi wanafunzi kumi wachangie mashua moja. Mtihani ni rahisi: ipelekwe kwenye kidimbwi cha samaki, mmoja aikalie, wenzake waiinamishe mpaka maji yapande juu ya mshono. Akitoka na suruali imelowa, warudi karakana.