Chanjo ya Mpox na mchimbaji anayehama

Mpox ilionekana kwa mtu mara ya kwanza hapa kwetu Congo, mwaka 1970, kwa mtoto wa Basankusu. Ilipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, kule watu walichanjwa mwaka uleule. Siye? Dozi za kampeni zilishuka Kinshasa tarehe 5 mwezi wa 9, 2024, na Goma walianza kuchanja mwezi wa 10. Miaka 54!

Na aina mpya ilitambuliwa wapi? Kamituga, mji wa dhahabu, mwaka 2023. Wachimbaji kama siye, tunalala wengi kwenye banda moja.

Chanjo inatengenezwa Denmark na inataka baridi kali. Hapa Kitshanga bila frigo ya sola itaharibika, na barabara ya Sake wakati wa mvua tunaijua wote.

Lakini shida kubwa iko hapa: dozi ni mbili, katikati wiki nne. Mchimbaji leo yuko Rubaya, wiki nne zikiisha yuko Walikale. Sisi wa sendika tunaomba karte yake ipokelewe kwenye kituo chochote cha afya, hata kama jina lake haliko kwenye orodha ya pale. Na wachanjaji wapande mpaka kwenye mashimo, jioni, watu wakishatoka.