Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii hupata uzito wa pekee inapohusishwa na hospitali za nchi zilizoachana na ukomunisti. Wapo wanaodai kwamba washauri wa kigeni waliziponya hospitali hizo, na wapo wanaoshikilia kwamba waliziangamiza. Historia ya Estonia yaonyesha kwamba pande zote mbili zinakosea.

Kwanza, hata kilichobomolewa kilikuwa kigeni. Mfumo wa afya unaohusishwa na Nikolai Semashko, aliyekuwa kamishna wa kwanza wa afya wa Urusi ya Kisovieti mwaka wa 1918, uliingia Estonia pamoja na utawala wa Kisovieti. Matibabu yalitolewa bila malipo, jambo linalostahili sifa. Hata hivyo, bajeti ya hospitali ilitegemea idadi ya vitanda badala ya wagonjwa waliotibiwa. Matokeo yake ni kwamba vitanda viliongezwa na wagonjwa wakalazwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya kurejesha uhuru wake mwaka wa 1991, Estonia iligeukia Magharibi. Mwaka wa 1992 ilianzisha bima ya afya iliyofuata mfano wa Ujerumani. Mnamo 2000, washauri kutoka Uswidi walipendekeza hospitali 68 zipunguzwe hadi 13 kufikia mwaka wa 2015, mradi mgonjwa asisafiri zaidi ya kilomita 70 au dakika 60. Hesabu ilikuwa safi. Lakini katika mji mdogo hospitali ni ajira, na ni tumaini la mzee asiye na gari. Mjadala ukazuka, na mwaka wa 2003 serikali ikaidhinisha orodha ya hospitali 19. Hizo sita za ziada ni sauti ya wenyeji.

Mwanafunzi wa isimu hapaswi kushangazwa na jambo hili. Neno "hospitali" lenyewe ni la kukopwa. Kiswahili hakikulikataa kwa ugeni wake. Kilihakikisha kwamba limepata irabu ya mwisho na kufuata upatanisho wa ngeli. Sera nayo yapaswa kutoholewa vivyo hivyo.

Huenda mtu akahoji kwamba wanasiasa hutetea hospitali mbovu kwa ajili ya kura. Hoja hiyo ina mashiko. Ndiyo maana mwenyeji anayeukataa ushauri wa mgeni sharti naye aeleze ni mgonjwa yupi atakayenufaika, na kwa gharama ya nani. Asiyeweza kujibu hivyo hana haki ya kujificha nyuma ya uzalendo.

Mgeni na aje, basi, na vipimo vyake. Kauli ya mwisho ibaki kwa wale watakaolazwa katika vitanda hivyo, kwa maana mshauri akishamaliza kazi yake hurudi kwao, naye mgonjwa hubaki.